Sura ya Sita: Nani Ataliopoa Jua?

Jirani yetu mmoja hapa Kirumba, Mwanza, alijifungua mapacha, nasi jioni moja tukaenda kumpa hongera. Sisi Wasukuma hatuhangaiki na majina ya mapacha: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na tumbo lijalo likijaliwa mtoto ataitwa Shija. Mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 3 na miezi michache, aliinama kwenye mkeka, akamkagua yule wa kwanza kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, kisha akamgeukia bibi yake na kuuliza kwa sauti ya huruma:

"Bibi, huyu Kulwa alikulwa na nani?"

Mama wa mapacha alicheka huku ameshika tumbo. Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nami nilicheka, lakini wakati tukipanda njia ya mawe kurudi nyumbani, swali lile lilikuwa bado linatembea nami. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka 31. Nimesahihisha madaftari yasiyohesabika kuhusu kauli ya kutendwa, na sikumbuki kuiona kanuni ikifuatwa kwa uaminifu kama ule. Piga, pigwa. Beba, bebwa. Funga, fungwa. Basi kula, kulwa. Mtoto hajui kwamba kiini cha kitenzi hicho ni kidogo mno, kwamba "ku" tumeibeba tu ili neno lisimame, na kwamba kwenye kutendwa tunaitupa tukasema "liwa". Hayo hakuna aliyemwambia. Alichokuwa nacho ni maneno aliyoyasikia na akili yake, na kwa vitu hivyo viwili akajenga neno ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kumtamkia.

Wengi wetu husema mtoto wa namna hiyo amekosea. Nimekuja kuamini vingine. Maneno ya mtoto mdogo hutuchekesha kwa sababu amekwenda moja kwa moja mahali ambapo sisi tumezoea kukata kona bila kujua. Ukimsikiliza vizuri, unaisikia lugha yako kana kwamba imezaliwa jana. Na katika nyumba nyingi za kwetu, mwenye nafasi ya kusikiliza hivyo ni babu au bibi.

Kwa nini sisi

Mama yake mtoto anawahi daladala. Baba yake yuko kazini, na akirudi amechoka. Tena mzazi amebeba kazi ya kukanya: kaa vizuri, nawa mikono, usiseme hivyo. Babu na bibi wana saa ndefu za mchana na wana kitu kingine kikubwa zaidi, yaani utani. Katika nyumba yangu bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na huyo mume wa miaka 4 hulalamika mbele za watu kwamba mke wake amechelewesha uji. Akimwambia hivyo mama yake, ni utovu wa adabu. Akimwambia bibi, ni haki yake ya kuzaliwa. Mlango huo ukiwa wazi, mtoto husema lolote linalomjia, na ndiyo maana vichekesho vingi vya watoto huangukia mikononi mwa wazee.

Huyo huyo mjukuu wa kiume, alipokuwa na miaka 2, alikuwa akikaa nami barazani asubuhi. Kila anayepita njiani husema "shikamoo", nami huitikia "marahaba". Mtoto akasikiliza siku nyingi, akaamua kwamba mtu wa kuigwa ni babu. Siku moja tulikutana na mzee wa makamo yangu akija na fimbo yake, na kabla sijafungua kinywa mtoto akapaza sauti: "Marahaba!" Yule mzee alisimama, akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akainama kwa heshima zote na kusema: "Shikamoo, mzee." Kisha akaendelea na safari yake. Mpaka leo wakionana, mzee ndiye anayetoa shikamoo, na mtoto ambaye sasa anajua mpangilio huona haya na kucheka.

Dada yake alipata tabu ya aina nyingine. Kwetu asubuhi inaweza kuanza kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, kutegemea nani amewahi kuamka. Bibi akitangulia, ni "mwangaluka". Asubuhi moja mtoto alitoka chumbani akiwa bado na usingizi, akatukuta wote wawili tumekaa, akashindwa kuamua ni ipi inayotufaa. Akasema: "Shikamwangaluka."

Bibi akamjibu bila kusita: "Marahaba, mayu." Nalo jina hilo la mama, ambalo Msukuma mzee humwita hata binti mdogo, lilimtosha. Akakaa kunywa uji.

Tusamaki twangu twote

Sentensi niipendayo kuliko zote niliipata jikoni. Bibi alikuwa amerudi kutoka soko la Mwaloni na dagaa. Akamtengea mjukuu wachache waliokaangwa kwenye kisahani, mtoto akaenda kunawa, na aliporudi paka alikuwa anajilamba masharubu. Kilio kilisikika mpaka kwa jirani:

"Tusamaki twangu twote tumekulwa!"

Isome tena polepole. Tu-samaki, tw-angu, tw-ote, tu-mekulwa. Kiambishi kimoja kimekwenda mara 4 bila kuteleza hata pale penye irabu, ambapo "tu" inapaswa kugeuka "tw". Vitabu nilivyofundishia vingetaka "visamaki vyangu vyote vimeliwa". Hiyo "tu" ameitoa wapi? Ameitoa kwa bibi yake, mzaliwa wa Magu, ambaye katika lugha yake ya kwanza kitu kidogo ni "ka", na vikiwa vingi ni "tu". Kanda ya Ziwa yote utasikia "katoto" na "tutoto", "kanyumba" na "tunyumba", hata midomoni mwa watu wasiojua Kisukuma. Mtoto amechukua kiambishi kutoka lugha moja, jina kutoka lugha nyingine, kitenzi amekiunda mwenyewe, kisha ameviunganisha bila kuacha ufa. Na alikuwa analia wakati akifanya hivyo.

Wataalamu wamechunguza kipaji hiki mahali pengi. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe kisichokuwapo duniani, akakiita "wug". Alipowaonyesha viwili, watoto wakatia alama ya wingi ya Kiingereza bila shida, ingawa neno lenyewe hawakuwa wamelisikia popote. Maana yake hawakuwa wakirudia maneno ya wakubwa kama kasuku. Walikuwa wameshika kanuni.

Kwa lugha za kwetu, Kamil Ud Deen alichunguza usemaji wa watoto wadogo wa Nairobi, akaandika tasnifu mwaka 2002 na kutoa kitabu mwaka 2005 kuhusu namna mtoto anavyojifunza Kiswahili. Alionyesha kwamba watoto hao hudondosha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili. Babu yeyote anaijua hali hiyo. "Taka maji" huja kabla ya "ninataka maji", na mzee huelewa kwa sababu maana yenyewe imefika nzima.

Naye Katherine Demuth alichunguza watoto wanaokua na Kisesotho huko Lesotho, lugha iliyo ndugu ya mbali ya Kiswahili na Kisukuma. Makala yake ya mwaka 1989 yalionyesha kwamba watoto hao hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kufikisha miaka 3, mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa watoto wa Kiingereza, kwa kuwa watu wazima wa huko huitumia sana katika mazungumzo ya kila siku. Niliposoma hayo nilimkumbuka Kulwa. Fikiria maswali tunayomwuliza mtoto anayekuja analia: umepigwa na nani, umeng'atwa na nini, umenyang'anywa na nani? Mtoto wa Kibantu hulelewa ndani ya kutendwa. Si ajabu akitaka kujua nani aliyemla mtoto wa jirani.

Wala tusidhani kwamba sisi wakubwa tuliacha ufundi huu. Waarabu walitupa neno "kitab". Mababu zetu walisikia "ki" mwanzoni, ikawatosha, wakasema "vitabu". Baadaye vikaja vibao vya Kiingereza vya kuwaamuru madereva washike kushoto penye mzunguko wa barabara, nasi tukapata "kipilefti", na viwili vikawa "vipilefti". Kila gari linalozunguka kipilefti chenye sanamu ya samaki katikati ya jiji la Mwanza linazunguka neno lililoundwa kwa akili ileile iliyounda "kulwa". Tofauti ni kwamba neno la wakubwa lilipata watu wengi wa kulisema.

Vicheko viwili

Kuna kicheko kinachomkaribisha mtoto na kuna kinachomfukuza. Navijua vyote viwili.

Nilianza shule nikiwa na Kisukuma tu. Shule yenyewe siitaji. Aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa hilohilo. Nilijitahidi sana. Siku moja nilifika nimechelewa, nikasimama mlangoni, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Mwalimu, nimenjoo." Nilikuwa nimesikia "njoo" mara nyingi kuliko "kuja", nami nikaitia "nime" kama kwenye vitenzi vingine. Mwalimu akairudia akiwa amebana pua, darasa zima likaangua kicheko. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nilipoulizwa swali nilijibu kwa neno moja, lile ambalo nilikuwa na hakika nalo. Nilikuwa mtoto msemaji sana nyumbani. Shuleni walinijua kwa ukimya.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu alisukuma mlango wa chumba changu na kusema: "Babu, nimenjoo!" Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu siku ile. Nilicheka mpaka nikapungukiwa pumzi, naye akacheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka, akaparamia kitanda. Nikamwambia: "Umekuja? Karibu sana, nimefurahi kwamba umekuja." Hapo amelisikia umbo la wakubwa mara mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba lake ni baya. Nadhani hiyo ndiyo namna bora ya kumsahihisha mtoto mdogo: mjibu alichokisema, na ndani ya jibu lako liweke neno kamili. Atalichukua akiwa tayari.

Jambo la pili nimelijifunza kwa kuchelewa. Wageni wakija, tunapenda kumwita mtoto: "Hebu sema tena lile neno." Mara ya kwanza hulisema kwa sababu ana nia ya kusema kitu. Mara ya tano hulisema ili watu wacheke, au hulificha na kujificha nyuma ya kitenge cha bibi. Kwa vyovyote neno limekufa. Siku hizi nikiwa na wageni nawasimulia mtoto akiwa amelala.

Daftari lenye mistari

Tulinunua daftari la kawaida la shule. Kila mara tunaandika tarehe, umri wa mtoto, mahali tulipokuwa na maneno kama yalivyotoka, bila kuyanyoosha. Bibi ana sikio zuri kuliko langu. Yeye hutamka, mimi naandika.

Wapo waliotutangulia. Charles Darwin aliweka kumbukumbu za mwanawe wa kwanza, akazichapisha mwaka 1877 miaka mingi baada ya mtoto kukua. Mwanawe alipotimiza mwaka mmoja alijiundia neno "mum" lenye maana ya chakula. Huko Urusi mwandishi Kornei Chukovsky alikusanya maneno ya watoto kwa miongo kadhaa. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1928, na baadaye kikajulikana kwa jina la umri alioupenda, yaani kutoka miaka 2 hadi 5. Yeye alishikilia kwamba katika miaka hiyo kila mtoto ni bingwa wa lugha, na kwamba ubingwa huo hupita.

Nafungua daftari letu. "Mawe yamebebana mgongoni", alisema mjukuu wa kiume siku tulipoliangalia Jiwe la Bismarck likiwa limesimama juu ya mengine majini. Nimeishi Mwanza maisha yangu yote, mji wa mawe, na sasa siwezi tena kuyaona ila kama mama na mtoto. "Jana tutakwenda Ukerewe", akimaanisha kwamba safari ni siku isiyo leo. "Leo dagaa wana Jumapili", usiku wa mbalamwezi tulipomweleza kwa nini taa za wavuvi hazionekani ziwani: dagaa huvuliwa kwenye giza kwa taa, na mwezi uking'aa wavuvi hupumzika. Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3, watu wote walizungumzia daraja lililochukua nafasi ya kivuko. Yeye aliuliza: "Na kivuko naye amestaafu kama babu?" Sarufi ingetaka "nacho kimestaafu". Lakini kitu kilichobeba watu kwa miaka mingi, usiku na mchana, mtoto alikiona kuwa ni mtu.

Ukurasa mmoja unahusu samaki waitwao furu. Bibi alikuwa akisimulia jinsi walivyokuwa wengi ziwani alipokuwa msichana, kabla ya sangara, samaki aliyeletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, kuzagaa miaka ya 1980 na kuwamaliza wengi wao. Mjukuu wa kike akasikiliza mpaka mwisho. "Alipowakula wote," akauliza, "kesho alikula nini?" Ni swali ambalo watafiti wa ziwa walilijibu kwa kupasua matumbo ya sangara. Alikula uduvi, alikula dagaa, na alikula watoto wake mwenyewe. Mtoto wa miaka 4 alikuwa amelifikia swali hilo akiwa ameshika kipande cha muhogo.

Sababu kubwa ya kuandika niliipata asubuhi moja ya kawaida. Mtoto alitazama kisahani kitupu na kusema: "Dagaa wameliwa." Hakuna aliyekuwa amemsahihisha. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimemfikia. Bibi alinitazama, nami nikaenda kuchukua daftari. Chini ya "tumekulwa" nikaandika tarehe ya siku ile, na tukanyamaza kidogo, kama watu waliomsindikiza mgeni hadi njia panda.

Jioni ya jua

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa ambalo mimi na mjukuu wa kiume hukalia jioni. Kutoka hapo unaona ziwa na vilima vya ng'ambo. Jioni moja nikamwambia, kama mtu yeyote anavyosema: "Angalia, jua linazama."

Akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani ataliopoa?"

Katika mji huu neno "kuzama" halisemwi kirahisi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Waliopolewa siku baada ya siku, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na tukayasikia tena maneno yaleyale redioni: kuzama, kuopoa. Mtoto alikuwa amekua akisikia kwamba kinachozama lazima watu wakifuate. Nami kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisema jua linazama bila kusikia nilichokuwa nasema.

"Halikuanguka majini," nikamwambia. "Linakwenda upande wa pili."

Akafikiri. "Limepanda kivuko?"

"Limepanda kivuko."

Akaketi, akaniegemea. Tukakaa hivyo mpaka giza likaingia na taa za wavuvi zikaanza kuwaka moja moja. Nilicheka kimoyomoyo, na nilikuwa nimeshika mkono wake kwa nguvu kuliko kawaida.

Alfajiri aliniamsha, akanivuta mpaka nje bila viatu. Upande wa Igoma anga lilikuwa limeshakuwa jekundu, na tukangoja pale, mtu na babu yake, mpaka duara lilipochomoza juu ya mawe.

"Babu! Wameliopoa!" Akalitazama kwa makini, kisha akaongeza kwa mshangao: "Wala halijaloa!"